Kamera ya Kukimbia Nayo

Nilifika Alunguli, rafiki yangu Kitoga akiwa amekwisha kuzikwa. Habari za ugonjwa wake zilinikuta kwangu Kasuku, ng'ambo ya mto, wakati kivuko kimeharibika. Nilipopata mtumbwi na kuvuka, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani, wakiongea kwa sauti ya kawaida, kama watu waliomaliza kazi. Nilipewa kiti chini ya turubai. Nikakaa, nikasimama, nikaenda kuangalia mto, nikarudi, nikakaa tena. Mwamini, mke wangu niliyevuka naye, aliyekuwa sasa mkekani pamoja na wanawake, alinitazama kwa lile jicho ninalolijua: tulia. Sikuweza. Musafiri, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliniletea chai na kuchuchumaa kando yangu. "Papa Amisi," akasema, "wewe njo ulikuwa naye katika ujana. Hauna foto yake hata moja? Zetu zote zilipotea na nyumba, wakati wa vita." Nikamwambia: "Iko kitu. Lakini haiko foto." Kitu chenyewe kilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nilikichukua nilipotoka nyumbani, bila kujua nitakifanyia nini: bobini ndogo ya filamu, ndani ya kopo la bati lililoanza kushika kutu. Mashine ya kuionyesha ilikufa zamani. Nilikuwa nimebeba picha zisizoweza kuonekana, kwenda kwa mtu asiyeweza kuziona.

Picha hizo ni za mwaka maduka ya wageni yalipogawiwa wananchi. Wakati huo nchi iliitwa Zaire, mto uliitwa Zaire, na fedha iliitwa zaire. Kitoga, aliyezaliwa upande wa Kama na kubatizwa Filipo, alikuwa ameambiwa aache jina la kizungu. Mimi Amisi nilibaki Amisi, maana hakuna mkubwa wa Chama pale Kindu aliyeweza kuamua kama jina langu ni la kigeni ao la kwetu. Nilifanya kazi katika studio ya foto ya Patron Paluku, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye duka mbele, studio nyuma, na lori lililokwenda Kalima na kurudi likiwa limejaa matope. Chumba changu cha kazi kilinuka dawa za kusafishia picha. Ukutani palikuwa na pazia lililochorwa ndege, na watu walipenda kusimama mbele yake kana kwamba ndio wameshuka. Kutwa nzima niliwaambia wengine wasitikisike, na mimi mwenyewe sikuweza kukaa mahali pamoja. Lori likiondoka tu, nilifunga studio, nikavuka mto, nikamkuta Kitoga ananisubiri na kofia yake ya majani. Ijumaa ilikuwa yangu, Jumapili yake, Jumamosi ya Chama kwa ajili ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara. Siku zilizobaki zilikuwa za msitu.

Kazi tuligawana. Kitoga aliita. Alibana pua, akatoa mlio wa mboloko aliyeumia, yule paa mdogo wa msituni, na mboloko wengine wakaja kuangalia ni nani anayelia. Mimi nilifyatua kwa bunduki ya zamani ya kaliba kumi na mbili. Mnyama akijeruhiwa hukimbia, na hapo ndipo miguu ya Kitoga ilipokuwa na maana. Sijaona mtu aliyekimbia hivyo katika majani yaliyosongamana. Alikuwa anapita mahali ambapo mimi niliona ukuta. Alimkamata mnyama, akamshika, akaniita. Ilikuwa lazima nifike mnyama akiwa bado anapumua, nimchinje kwa mkono wangu na kutaja jina la Mungu, la sivyo nyama ilikuwa ya Kitoga yote na mimi nilirudi nyumbani na bunduki tu. Wako waliosema kwamba ukitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua inatosha. Mze Ramazani hakuwa mmoja wao.

Mze Ramazani alikuwa baba yake Mwamini. Alikuwa fundi wa kushona pale Mikelenge, mwenye cherehani barazani na futi ya kitambaa shingoni tangu asubuhi mpaka usiku. Alishona kanzu za watu wa msikitini na abakosti, zile suti zisizo na tai, za watu wa Chama kwa uzi uleule, na kote alilalamika kwamba watu wananenepa. Nilipotuma watu kumposa Mwamini, niliambatanisha paja la mboloko, kama muwindaji anavyopaswa. Paja lilirudi siku hiyohiyo, limefungwa katika majani yaleyale. Nikaenda mwenyewe. Alinikaribisha vizuri, nikapewa wali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese mengi, tukala. Halafu akanawa mikono, akasema:

"Unawinda na nani?"

"Na Kitoga, Mze."

"Kitoga anasali wapi?"

"Kanisani."

"Sasa nyama ile, kisu gani njo kilitangulia? Chako ao chake?"

"Changu."

"Nani aliona?"

"Kitoga."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Sikia huyu mutoto! Mushitakiwa njo mushahidi wake mwenyewe!" Kisha akaacha kucheka. "Mimi sikuchukii, Amisi. Lakini mutoto wangu atakula katika chungu chako maisha yake yote. Nitamupeleka namna gani kwa chungu ambacho sijue ndani kuna nini? Muguu wangu huu haufike porini. Ukitaka niamini, uniletee pori hapa." Akapiga baraza kwa kiganja. Mama Zuhura, mke wake, akaongeza kutoka ndani: "Na katika soko wanasema ananunua!" Hilo ndilo lililoniuma. Kwa kuwa nilionekana studio kila siku, vijana wa Mikelenge walikuwa wananiita muwindaji wa soko.

Nilitoka pale na neno moja kichwani: uniletee pori hapa. Yeye alisema kwa dhihaka. Mimi nilikuwa mtu wa foto, nililichukua kama kazi. Foto isiyotembea isingetosha, maana mnyama aliyekufa na mnyama anayepumua katika foto wanafanana. Nilihitaji kamera ya sinema, na nilihitaji iwe nyepesi. Nyama ile ilikuwa halali ao haramu kwa muda mfupi sana, kutoka mahali niliposimama na bunduki mpaka mahali Kitoga alipoanguka na mnyama. Kila kitu kilichoongezwa juu ya mwili wangu kilikuwa kinaufupisha muda huo.

Ya kwanza niliazima misheni. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, na miguu yake mitatu ilibebwa peke yake, imefungwa kwa mshipi. Kitoga aliizunguka pale ufukweni, akaiinua, akaiweka chini. "Amisi, hii njo kamera ao cherehani ya baba mukwe wako?" Hatukuingia nayo msituni. Nikairudisha, padre akacheka pia.

Ya pili ilikuwa ya injinia mmoja wa migodi ya Kalima, ambaye Patron Paluku alimletea chumvi na sabuni. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushika: ilikuwa na mpini kama wa bastola, betri ndani ya mpini, na lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali vije karibu. Niliibeba shingoni, bunduki mkononi, kisu kiunoni. Ilinipiga kifuani nikitembea, ilinasa katika mimea inayotambaa, na nilipoinama ilining'inia mbele ya magoti. Betri zilivuta unyevu wa asubuhi, ikawa mara inanguruma, mara inanyamaza. Hata hivyo tulipata mboloko mwekundu, mnene, na Kitoga akamkamata karibu sana na kijito. Nilipofika, nilimkuta amelala juu yake, uso umejaa matope, anacheka. Nikaona picha. Hilo ndilo kosa ambalo watu wa dini yetu peke yao ndio wanaoweza kulifanya. Mtu mwingine angepiga picha na asipoteze kitu. Mimi nilipeleka jicho kwenye kamera.

"Amisi! Leta kisu!"

"Ngoja. Geuza uso huku."

"Uso gani? Inakufa, ndugu! Leta kisu!"

"Kidogo tu. Hii betri..."

Nilipoishusha kamera, Kitoga alikuwa ameacha kucheka. Mnyama alikuwa amelegea mikononi mwake, macho yamekuwa kama kioo cha chupa. Kitoga akasimama, akapangusa mikono kwa majani. "Aksanti kwa zawadi," akasema. "Watoto wangu watakula mpaka wavimbe. Na wewe utakula lenzi." Injinia alipokwenda likizo Ulaya na kurudi na filamu ile imesafishwa, ilikuwa nyeusi yote. Chini ya miti ile mwanga ni kama ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, na lenzi ndefu hula mwanga. Nilipoteza nyama na sikupata picha.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Mchana mikono yangu ilikuwa inapima kila kitu, kipande cha sabuni, kopo la maziwa, kikombe, na kujiuliza kama ningeweza kukimbia nacho. Nilianza upya, kwa utaratibu, kama mtu anayefungua mzigo na kutoa kitu kimoja kimoja. Lenzi ndefu ya nini, katika msitu ambao haukuonyeshi mbali kuliko jiwe la kutupa? Betri za nini, mahali ambapo hata kiberiti kinakataa? Jicho kwenye kamera la nini, ikiwa jicho lenyewe ndilo linaloua nyama? Nilipomaliza kutoa, kilichobaki kilikuwa ndani ya droo ya Patron Paluku: kamera ndogo ya kukaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, yenye lenzi moja fupi, iliyoachwa na Mzungu aliyeondoka haraka mwaka ule. Ilienea katika kiganja. Patron aliitazama kwa huruma. "Hiyo njo ya kuchezesha watoto. Chukua, utaniletea nyama ya kukausha." Ilikuwa na kelele, lakini niliona kwamba kelele si kitu ikiwa naiwasha baada ya mlio wa bunduki. Ilikuwa na kidude pembeni: ukikisukuma, inaendelea kukimbia yenyewe mpaka springi yake ilegee, na mikono yako inabaki huru. Ilitosha kwa mbio moja ya Kitoga.

Ilibaki kuifunga kifuani. Mshipi wa ngozi ulikuwa mzito na ulinata kwa jasho. Nilihitaji kitambaa kigumu, kilichoshonwa mara mbili, na fundi mzuri Mikelenge alikuwa mmoja. Nikaenda kwake.

Mze Ramazani alinipima kifua bila kuuliza kitu, pini mdomoni. Alipoona mfuko mdogo niliotaka ukae katikati, akatoa pini. "Hii njo ya kubebea nini? Mutoto?"

"Kamera, Mze."

"Mutoto hubebwa mugongoni."

"Huyu anataka kuona mbele."

Mama Zuhura akapiga kelele ndani kwa kicheko, na nikasikia mtu mwingine anacheka naye, taratibu, nyuma ya pazia la mlango. Nikajua ni Mwamini. Mze hakucheka. Alishona kwa makini, akavuta kila mshono kwa meno, akanivalisha. "Ruka," akasema. Nikaruka barazani, mbele ya wapita njia. "Inapiga?" "Haipigi." Akaongeza mshono mmoja begani. "Ruka tena."

Wapita njia wakaongea. Kesho yake mkubwa wa seli ya Chama, mtu wa mtaa wetu ambaye kazi yake ilikuwa kujua, alinikuta studio, akaniita raia kwa Kifaransa, kama Chama kilivyoamuru. "Sitwayen, nasikia unafanya sinema. Sinema ya nani? Inaenda Ulaya kufanya nini?" Nilimweleza mboloko, kisu, baba mkwe. Hakuamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Mwishoni aliruhusu, kwa sharti kwamba filamu ianze na yeye. Alirudi amevaa abakosti mpya na beji kifuani, akasimama mbele ya nyumba yake. "Tembea kidogo, sitwayen," nilimwomba. "Hii inachukua mwendo." Lakini alikuwa amezoea foto, akashika pumzi na kukauka kama mti. Sehemu nzuri ya filamu yangu ikaishia pale, kwa mtu asiyetikisika, na kuku mmoja aliyepita mbele ya viatu vyake.

Siku yenyewe nilichelewa kuvuka kwa makusudi. Nilitaka jua liwe juu, na tulikwenda mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kuacha tundu la mwanga. Kitoga hakupenda. Alisema nyama haiji saa hiyo, kwamba nawinda mwanga na si mnyama. Lakini alibana pua, akaita, akaita tena, na mimi nilisimama na bunduki begani. Mboloko akatokea, akatutazama. Nilifyatua, nikasukuma kile kidude, nikaanza kukimbia. Sikusikia kamera. Sikusikia hata uzito wake. Mishono ya Mze ilikuwa imeikamata kama sehemu ya mbavu zangu. Nilisikia pumzi zangu, na mbele sauti ya Kitoga. Nikatoka kwenye majani, nikamwona amekaa chini katikati ya mwanga, amembana mnyama mapajani, damu inamtiririka mkononi kwa mateke. Nikapiga magoti, nikachinja. Nyama ile niliipeleka nyumbani, soko lote likiona, lakini kwa Mze Ramazani sikupeleka hata mfupa. Nilipeleka salamu: pori linakuja.

Lilichukua muda. Filamu ilikwenda Ulaya na injinia, na mimi nilikuwa nakwenda kusubiri lori kana kwamba mtu anakuja. Nilikonda. Patron Paluku aliniambia nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa karibu na mahindi. Wakati huo Mwamini aliposwa na mtu mwingine, karani wa reli, na Mze akamjibu kwamba yuko anasubiri kitu. Nilipoambiwa hilo ndipo nilipoogopa zaidi.

Ilipofika, tuliionyesha kwa Mze baada ya magharibi. Mashine ilikuwa ndogo ya Patron, ya kuzungusha kwa mkono, yenye taa. Mze mwenyewe alitoa kitambaa, marikani nyeupe ya kanzu isiyokatwa bado, akakitundika katika mlango kati ya chumba cha wageni na cha ndani. Wanaume tulikaa upande huu. Mama Zuhura na Mwamini walikaa upande wa pili, wakaona kilekile kinyumenyume. Nikazungusha. Mkubwa wa seli akasimama, kuku akapita, Mama Zuhura akasema, "Kuku njo anafanya kazi, mukubwa amelala!" Halafu majani. Majani yakipanda na kushuka, giza, tawi, giza. Halafu mwanga, na Kitoga amekaa. Alikuwa anamgeuza mnyama, polepole, kwa mikono miwili, kichwa chake kikielekea upande mmoja. Akainua uso akatutazama, mdomo ukafunguka. Kisha mimi nikapiga magoti, kifua changu kikagusa manyoya, na kitambaa kikawa cheusi. Kisha cheupe. Basi.

Nilibaki nimeshika mkono wa mashine. Katika kuchagua kila kitu, uzito, springi, lenzi, mishono, sikuwa nimefikiri kwamba anayechinja huinama. Kisu hakikuonekana. Mkono wangu haukuonekana. Katika sinema ya uwindaji wangu mwenyewe mimi sikuwemo.

"Rudisha," Mze alisema.

Nikarudisha.

"Polepole. Pale. Anafanya nini na mikono?"

"Anamuelekeza kibla, Mze."

"Nani alimufundisha?"

"Hakuna. Ameniona nikifanya, njo anafanya mbele sijafika."

"Na mudomo? Anasema nini?"

"Ananiita. Anasema: Kimbia, iko inapumua."

Mze alivua futi ya kitambaa shingoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaikunja juu ya goti. Alitazama kile kitambaa kitupu kwa muda. "Nyama iko mikononi mwake," akasema, si kwangu. "Akinyamaza kidogo tu, yote njo yake. Naye analia kimbia." Halafu akanigeukia. "Wewe sikukuona hata kidogo. Lakini yule nimemuona. Kesho umulete akule hapa." Kitoga alikuja, amevaa viatu vya kuazima, akala sombe mpaka Mama Zuhura akaongeza. Baadaye nilituma paja jingine la mboloko, na hilo halikurudi.

Pale Alunguli nilifungua kopo, na Musafiri akachukua utepe wa filamu kutoka mkononi mwangu, akaunyosha kwenye mwanga, ukingoni mwa turubai, akaweka simu yake karibu na kuvuta picha iwe kubwa. Watoto wengine wa marehemu wakakusanyika. Picha ilikuwa imefifia, lakini alikuwa yeye, kijana, amekaa katika mwanga. Mwamini alikuwa ameinuka mkekani bila mimi kumsikia, akasimama nyuma yangu. "Kwangu, nyuma ya kitambaa, alikuwa anatazama upande ule," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

"Amefungua kinywa," Musafiri alisema. "Anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Anasema nini?"

Mtumbwi ulionileta ulikuwa bado umefungwa pale chini, unagongagonga jiwe.

"Kimbia," nikamwambia. "Iko inapumua."